Iskandaria na maji yaliyoipa uhai

Anayezuru Iskandaria hupelekwa kwanza ufukweni, kwenye ngome ya Qaitbay iliyojengwa kati ya 1477 na 1479 pale uliposimama mnara maarufu wa taa wa Faro. Husimuliwa habari za Aleksanda Mkuu aliyeuasisi mji mwaka 331 KK, za maktaba ya wafalme wa ukoo wa Ptolemaio, na za mitetemeko ya ardhi iliyouangusha mnara. Ibn Battuta, ambaye mnamo 1331 alifika Mombasa na Kilwa, aliukuta mnara huo mwaka 1326 umebomoka upande mmoja; aliporudi 1349, hata mlango wake haukufikika. Habari hizi ni za kweli na zinasisimua. Lakini zote humfanya mgeni aitazame bahari, ilhali kilichoamua mji huu unawiri lini na ufifie lini kiko mgongoni kwake, upande wa bara: mfereji wa maji baridi kutoka mto Nile.

Bandari ilikuwa njema, hilo halina ubishi. Kisiwa cha Faro kiliunganishwa na nchi kavu kwa tuta la zaidi ya kilomita moja, zikapatikana bandari mbili, ya mashariki na ya magharibi. Ila mji wenyewe umekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya bahari na Ziwa Mariut, na Nile haipiti hapo. Maji ya kunywa yaliletwa kwa mfereji kutoka tawi la mto, yakapitishwa chini kwa chini hadi majumbani na kuwekwa akiba katika mabirika, mengine yakiwa na nguzo za tabaka tatu. Waliopigania mji waliujua udhaifu huo. Julius Caesar alipozingirwa humo mwaka 48 kuingia 47 KK, Ganymedes, kiongozi wa majeshi ya Misri, alisukuma maji ya bahari kwenye mikondo iliyokwenda upande wa Warumi. Askari waliozoea vita wakataharuki kwa kuonja chumvi, na hawakutulia mpaka Caesar alipoamuru visima vichimbwe usiku kucha na maji yakapatikana.

Yuko atakayesema mji uliporomoka pale Waarabu walipoweka makao makuu katika mji mpya wa Fustat baada ya kuiteka Misri karne ya 7. Kwa upande wa utawala ni kweli, lakini biashara haikuhama: karne nyingi baadaye wafanyabiashara wa Venice na Genoa walikuwa bado wakinunua pilipili manga Iskandaria, na Sultani al-Nasir Muhammad aliona inafaa kuuchimbua upya mfereji mwanzoni mwa karne ya 14. Mwingine atamtaja Vasco da Gama na njia ya kuizunguka Afrika. Lilikuwa pigo, ila viungo vilirudi kupita Bahari ya Shamu ndani ya karne ya 16. Tena, kama tatizo lingekuwa hilo peke yake, Rashid, mji wa mdomoni mwa Nile mashariki mwa Iskandaria, nao ungalidhoofika. Ulistawi, kwa sababu tope la mto lilikuwa limeuziba mfereji wa Iskandaria na mizigo ikabidi ishuke na mto hadi Rashid. Wafaransa walipotua 1798, waliikuta Iskandaria ina watu elfu chache tu.

Muhammad Ali, mtawala wa Misri, akachimba mfereji mpya, wa Mahmudiyya, kuanzia 1817 hadi 1820. Pamba ndiyo iliyoleta fedha, lakini pamba hiyo ilihitaji maji ya kupitishia mashua. Rashid ikadidimia, na kufikia katikati ya karne wakazi wa Iskandaria walizidi 100,000. Haya yote yalilipwa na wakulima waliosombwa kwa nguvu vijijini, wakachimba wengi wao kwa mikono mitupu, na maelfu wakafa kwa njaa, kiu na uchovu. Mfereji ukapewa jina la Sultani Mahmud wa Pili, aliyekuwa Istanbul. Sehemu yake ipitayo mjini imefukiwa miaka ya karibuni na kufanywa barabara ya magari, na mgeni aelekeaye Qaitbay anaweza kuivuka asijue amepita juu ya nini.