Miaka 30 kwenye kiwanja: sheria ya Burundi inasema nini

Mfanyabiashara aliyepanga ghala Rohero, katikati ya Bujumbura, anaweza kulipa kodi miaka 40 na bado asimiliki hata tofali moja. Sheria ya Burundi inakubali mtu apate ardhi kwa kuikalia muda mrefu, lakini huuliza kwanza aliingiaje.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1986, iliyorekebishwa 2011, muda wa kawaida ni miaka 30 ya kukaa kwa uwazi, kwa amani na bila kukatizwa, mkaaji akijichukulia kuwa ndiye mwenye mali. Aliyenunua kwa nia njema, bila kujua kwamba muuzaji hakuwa mwenyewe, anahitaji miaka 15. Mpangaji, mlinzi wa nyumba au ndugu aliyeachiwa funguo anakaa kwa ruhusa, hivyo miaka yake haihesabiwi. Ardhi ya umma nayo haipatikani kwa njia hii. Meza ya biashara iliyowekwa kando ya barabara haigeuki kiwanja, hata ikirithiwa na wajukuu.

Kanuni hiyo ilileta ugomvi mkubwa kwa waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Kufikia 2002 miaka 30 ilikuwa imetimia, na waliokuwa kwenye mashamba yao, hasa kule kwenye michikichi ya Rumonge na Nyanza-Lac, waliweza kudai kwamba ardhi ni yao. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulikuwa umeshasema mkimbizi arudishiwe mali yake au alipwe fidia. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, mwanzoni ilipatanisha, mara nyingi kwa kugawa shamba. Kuanzia 2011 ilielekea kumrudishia aliyekimbia mali yote, na walionunua kwa fedha zao wakalalamika sana. Muda wa tume uliisha 2022.

Wenye viwanja ng'ambo ya mpaka wana muda mfupi zaidi. Nchini Kenya na Tanzania, madai ya kurudisha ardhi hufungwa baada ya miaka 12, na Kenya mkaaji anaweza kwenda mahakamani kuomba aandikishwe kuwa mmiliki badala ya mwenye hati.

Kwa anayenunua Rohero, hati ikaguliwe kwenye ofisi ya hati za ardhi kabla ya malipo ya awali. Pasipo hati, majirani wazee waulizwe nani alikaa hapo kabla ya 1972.