Foleni ya Salenda

Kila asubuhi mataa ya Salenda huwa na soko lake. Taa ikiwaka nyekundu, vijana wanateremka barabarani na chupa za maji, karanga, chaja za simu na ramani ya Tanzania iliyokunjwa mara nne. Ikiwaka kijani hawana haraka ya kupanda ukingoni, maana trafiki aliyesimama katikati ya njia panda ameshainua mkono, na pale mkono wake ndio unaosikilizwa, si taa. Maji yakikupwa, tope la mikoko chini ya daraja hutoa ile harufu inayoingia hadi ndani ya daladala. Abiria waliozoea hufunga vioo bila hata kutazama nje.

Maji hayo ni ya Msimbazi. Mto huu unaanzia kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unalikata jiji la Dar es Salaam katikati na kuishia baharini hapo hapo Salenda. Kiangazi ni kijito cha maji meusi ambacho hakimtishi mtu. Bonde lake ndilo lililowatesa wajenzi: ni pana, ni la tope, na masika yakifika linajaa. Ndiyo maana kwa miongo mingi wakazi wa kaskazini na magharibi mwa jiji wamekuwa wakiingia mjini kwa njia za kuhesabika kwa vidole.

Kati ya njia hizo, iliyokuwa karibu zaidi na bahari ilifunguliwa mwaka 1929. Serikali ya Mwingereza ilijenga daraja kwenye mdomo wa mto na kulipa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma katika Tanganyika. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa namna iliyowakaa mdomoni, likawa Salenda, na mpaka leo wanaojua kwamba Salenda alikuwa mtu ni wachache.

Daraja lile halikujengwa kwa ajili ya foleni, kwa kuwa magari yenyewe yalikuwa machache. Mji wa wakati ule uligawanywa kwa rangi: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, na Waafrika wakapangiwa Kariakoo, ng'ambo ya uwanda wa Mnazi Mmoja. Uzunguni kulipoanza kubana, macho ya wakubwa yakageukia ufuko wa Oyster Bay. Salenda ilikuwa ufunguo wa huko. Daraja lilipokamilika, nyumba za maofisa zenye bustani na vibaraza vipana zikaanza kuota ng'ambo ya mto, na aliyelala huko aliweza kufika ofisini mapema bila kupita Uswahilini.

Baada ya uhuru mambo yakabadilika haraka. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu 272,821 mjini. Kinondoni, Mwananyamala na Msasani vikajaa, Mwenge ukafuata, na barabara ya Bagamoyo, ambayo kipande chake cha mjini sasa ni Ali Hassan Mwinyi, ikawa mshipa mkubwa wa kuingia katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Salenda ilipanuliwa kwa msaada wa Japani, ikawa na njia nne. Ni miaka hiyo hiyo ambapo mabasi ya shirika la umma la UDA yalishindwa kabisa kuubeba mji, na vibasi vya watu binafsi vikaruhusiwa rasmi. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na jina la daladala likapatikana.

Njia nne zilitosha kwa muda. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima, na Salenda ilikuwa imengoja karibu miaka arobaini tangu ipanuliwe ndipo ikapata daraja la pili.

Jiwe la msingi la daraja hilo liliwekwa na Rais John Magufuli Desemba 2018. Fedha nyingi zilikuwa mkopo nafuu wa Korea Kusini, na mkandarasi, kampuni ya GS, alitoka huko huko. Wakati wa ujenzi watu waliliita Salenda Jipya, ingawa halikusimama mahali pa lile la zamani. Badala ya kuuvuka mto kwenye mdomo wake, linaingia baharini. Linaondoka karibu na Hospitali ya Aga Khan kwenye barabara ya Barack Obama, linakata ghuba juu ya nguzo zilizochimbiwa chini ya maji, na kutua upande wa Oyster Bay, si mbali na Coco Beach. Urefu wake ni kilomita 1.03. Sehemu ya kati imeshikwa na nyaya nene zilizofungwa kwenye minara mifupi, na usiku taa za rangi huifanya ionekane kama mkufu. Magari yalianza kupita Februari 2022, na Machi mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua rasmi kwa jina la Tanzanite, kito kinachochimbwa Mererani peke yake duniani.

Ni daraja zuri, hilo halina ubishi, na jioni waenda kwa miguu wanaopiga picha juu yake si wachache. Lakini mtu akiitandaza ramani ataona jambo la kuchekesha kidogo. Miaka 93 baada ya Selander, jiji lilijenga tena daraja linalokwenda rasi ile ile ya Oyster Bay na Masaki, zilipo balozi na mahoteli. Mwenye gari lake Masaki amepata njia yake. Daladala za Mwenge na Tegeta zimebaki kwenye mataa yale yale, ingawa magari yaliyohamia Tanzanite yameziachia nafasi ya kupumua.

Upande wa kusini hadithi ni nyingine. Kigamboni iko ng'ambo ya mkono wa bahari unaoingia bandarini, na kwa miaka mingi mtu wa huko alitegemea pantoni la Magogoni. Aliyekaa Kigamboni aliijua ratiba ya MV Magogoni na MV Kigamboni kuliko tarehe za kuzaliwa za wanawe, na moja ikiharibika taarifa ilifika mitaani kabla haijafika redioni. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 na njia sita, lilifunguliwa Aprili 2016. Asilimia 60 ya gharama ilitoka NSSF, yaani akiba ya wafanyakazi, na kwa hiyo magari yakawekewa tozo. Watu walilalamika kwa miaka, hadi viwango vikapunguzwa mwaka 2022. Na pantoni halijafa, kwa sababu daraja linatua Kurasini, kwenye malori ya bandari, wakati pantoni linamshusha mtu Kivukoni, hatua chache kutoka Posta.

Tukirudi kwenye Msimbazi, Jangwani ndipo penye umati. Barabara ya Morogoro inauvuka Msimbazi hapo kuelekea Magomeni, Ubungo na Kimara, na tangu 2016 mabasi ya mwendokasi hupita hapo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu arobaini jijini, na waliookolewa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 baadhi ya nyumba za bondeni zilizobaki zikapigwa X nyekundu na kubomolewa. Karakana ya mwendokasi, iliyojengwa bondeni humo humo, imeshazama zaidi ya mara moja. Sasa mradi wa bonde la Msimbazi, unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia, una daraja jipya la mita 390, litakaloinua barabara juu ya maji badala ya kuyaziba. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2024.

Kabla ya daraja hilo, utaratibu wa siku ya mvua kubwa umekuwa ule ule. Maji yakipanda Jangwani, polisi hufunga barabara, abiria wa mwendokasi huteremka Magomeni na kukunja suruali, na magari huelekezwa Kinondoni, kwenda kupanga foleni Salenda.