Varikosili na uzazi: Pima faida na hasara kabla ya kupasuliwa

Pwani ya Tanga, Mkwaja ikiwemo, busha si jambo geni. Lakini si kila uvimbe wa korodani ni busha. Busha ni maji kujaa kwenye mfuko wa korodani. Varikosili ni mishipa ya damu kuvimba, mara nyingi upande wa kushoto. Huwapata wanaume kama 15 kati ya 100, na wengi wao huzaa bila shida.

Nani atibiwe?
Ni yule ambaye daktari akimpapasa mishipa inashikika, kipimo cha mbegu si kizuri, na amehangaika na mkewe mwaka mzima bila mimba. Mbegu zikiwa sawa, opresheni haitamsaidia kupata mtoto.

Faida
Kwa wengi mbegu huongezeka, ila si leo wala kesho. Mbegu hukomaa kwa miezi kama mitatu, hivyo kipimo hurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6. Mimba haina uhakika.

Hasara
Kidonda kuingia vijidudu, mishipa kuvimba tena, au maji kujaa, yaani busha lenyewe. Mara chache korodani husinyaa. Opresheni ya hadubini hupunguza hatari hizi.

Na mke je?
Akifika miaka 35, kila mwezi wa kusubiri una uzito. Naye apimwe kwanza, kabla mume hajapasuliwa. Safari ya kutoka Mkwaja hadi Hospitali ya Bombo, Tanga, ni ya watu wawili.