Australia: Taifa Lililopigiwa Kura

Katika miaka ya 1880, msafiri wa treni kutoka Sydney kwenda Melbourne alilazimika kushuka Albury, mpakani, na kuhamia treni nyingine. Reli ya New South Wales ilikuwa na upana wa milimita 1,435, ya Victoria milimita 1,600, na behewa la huku halikuweza kupita kule. Hapohapo mpakani palikuwa na maofisa wa forodha. Makoloni hayo mawili yalikuwa ya Malkia mmoja wa Uingereza, lakini yalitozana ushuru kama nchi za kigeni.

Makoloni yote yalikuwa sita: New South Wales, Victoria, Queensland, South Australia, Western Australia na kisiwa cha Tasmania. Kila moja lilikuwa na bunge lake, waziri mkuu wake na stempu zake. Tarehe 1 Januari 1901 yakawa shirikisho moja, bila koloni lolote kulishikia silaha jingine. Kwangu mimi, uzito wa historia hii uko katika ile miaka zaidi ya kumi ya vikao na kura iliyoitangulia siku hiyo.

Simulizi nyingi huanza na Henry Parkes, waziri mkuu wa New South Wales, aliyesimama Tenterfield tarehe 24 Oktoba 1889 akadai serikali moja kwa Australia nzima. Mwaka 1891 wajumbe walikutana Sydney. Siku za Pasaka baadhi yao walijifungia ndani ya meli ya mvuke iitwayo Lucinda, Samuel Griffith wa Queensland akiwaongoza, wakainyoosha rasimu ya katiba. Ilikuwa kazi ya hali ya juu, na sehemu kubwa yake imo katika katiba hadi leo. Lakini rasimu iliporudishwa kwenye mabunge ya makoloni, ikawekwa kando. Parkes alifariki mwaka 1896 bila kuuona muungano.

Aliyelifufua jambo hili, kwa maoni yangu, ni John Quick, wakili wa Bendigo. Mwaka 1893 mabenki yalikuwa yanaanguka, na watu wa kando ya mto Murray walikuwa wamechoka kulipia ushuru bidhaa za majirani wa ng'ambo. Katika mkutano wa Corowa, mji mdogo wa mtoni humo, Quick alitoa pendekezo: wananchi wenyewe wachague wajumbe, na rasimu ikikamilika irudi kwao waipigie kura. Tangu hapo katiba haikuwa tena mali ya wabunge kuifungia kabatini.

Kikao kipya kilifanyika mwaka 1897 na 1898, kikihama kutoka Adelaide hadi Sydney, kisha Melbourne. Queensland haikupeleka mjumbe. Makoloni yenye watu wachache yaliogopa kumezwa, hivyo ikakubaliwa kuwa Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, na katika Seneti kila jimbo, dogo kwa kubwa, lipate viti sita. Fedha zilisumbua zaidi, maana ushuru wa forodha ndio uliokuwa ukizilisha serikali nyingi. Mwisho wakaafikiana kwamba robo tatu ya ushuru huo irudi majimboni.

Kura ya 1898 ilipita Victoria, South Australia na Tasmania. New South Wales walisema ndiyo watu 71,595, hapana 66,228, lakini sheria yao ilidai kura za ndiyo 80,000. Waziri mkuu wao, George Reid, alirudi mezani akapata alichotaka: makao makuu yawe ndani ya New South Wales, ila yasipungue maili 100 kutoka Sydney. Ndiko Canberra ilikotoka. Mwaka 1899 wakapiga kura tena, na safari hii ndiyo zilikuwa 107,420. Queensland nayo ikakubali. Western Australia ilijivuta mpaka wachimbaji wa dhahabu wa huko walipotaka kujitenga ili wajiunge wenyewe. Ikapiga kura Julai 1900, wiki chache baada ya Malkia Victoria kuridhia sheria ya muungano. New Zealand, iliyohudhuria vikao vya mwanzo, ilibaki nje.

Wanawake wa South Australia walishiriki katika kura hizo, na wa Western Australia mwaka 1900, wakati wenzao wa Uingereza hawakuwa na haki ya kumchagua mbunge.

Lakini wenye ardhi hiyo tangu enzi na enzi, Waaborijini, hawakuwa na kiti hata kimoja katika vikao hivyo. Baadhi yao walikuwa na haki ya kura kisheria, kama wale wa South Australia, lakini ibara ya 127 ya katiba iliamuru wasihesabiwe katika idadi ya watu wa taifa. Mwaka huohuo wa 1901 bunge jipya lilipitisha sheria za kuwazuia wahamiaji wasio Wazungu na kuwarudisha makwao vibarua wa visiwa vya Pasifiki waliokata miwa Queensland. Amani iliyopatikana ilikuwa ya walowezi wao kwa wao, na inaniuma kwamba sherehe za taifa hilo zilikaa miongo mingi bila kulisema hilo. Ibara ya 127 iliondolewa kwa kura ya maoni ya mwaka 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walisema ndiyo.