Uonyeshaji: Lipidi Mbele ya Seli T

Kwa miongo kadhaa elimu ya kinga ilifundisha kwamba seli T za kawaida hutambua peptidi tu, yaani vipande vya protini vilivyoshikwa na molekuli za HLA juu ya seli nyingine. Mwaka 1994 watafiti wa Boston, wakiwamo Steven Porcelli na Michael Brenner, walithibitisha kwamba protini iitwayo CD1b huziwekea seli T asidi ya mikoliki, lipidi ndefu itokayo katika ukuta wa bakteria wa kifua kikuu. (Ibaki lipidi, tusiite mafuta: mafuta ni ya kikaangoni, na asidi hii iko karibu zaidi na nta.) Ugunduzi huo una uzito, kwa kuwa HLA hutofautiana mno kati ya mtu na mtu, ilhali familia ya CD1, ambamo CD1b imo, karibu haibadiliki. Tendo lenyewe la kuiweka lipidi mbele ya seli T tuliite nini? Neno linalokuja upesi ni uwasilishaji. Naona uonyeshaji unafaa zaidi.

Anayewasilisha barua huikabidhi na kuondoka mikono mitupu. CD1b haikabidhi kitu. Ndani yake mna mifereji minne inayokwepa maji, na humo mikia ya lipidi hujikunja na kufichwa. Nje hubaki kichwa chake kinachopenda maji. Kipokezi cha seli T hugusa kichwa hicho pamoja na kingo za protini inayokishika, vyote kwa mara moja. Lipidi ikiachiwa, hakuna cha kutambuliwa tena. Atakayenikumbusha kwamba mbunge huwasilisha hoja akabaki nayo, nitamjibu kwamba hoja ikishawasilishwa huwa ya bunge, nalo laweza kuirekebisha litakavyo. Mwingine atasema kuonyesha kunahitaji macho, na seli haina. Lakini twasema mtu ameonyesha huruma, na huruma haina umbo la kutazamwa. Kitenzi hiki kilikwisha kuvuka mipaka ya jicho zamani.

Pingamizi lenye nguvu linatoka maabara, si kwenye kamusi. CD1a, iliyo tele katika seli za Langerhans za ngozi, hubeba pia lipidi zisizo na kichwa cha maana, kama skwalini ya ngozi yenyewe. Hizo huzama zote ndani, na baadhi ya seli T huigusa CD1a peke yake; lipidi yenye kichwa kikubwa ndiyo inayozizuia. Hapo kinachoonyeshwa ni nini? Si lipidi. Wapo watakaotaka neno pana, kama ubebaji, lifunike hali zote mbili, ila ubebaji unamsahau mtazamaji, na bila seli T tendo zima halina maana. Heri uonyeshaji utumike pale kichwa kinapojitokeza, na kwa skwalini tuseme wazi kwamba lipidi imeipisha CD1a iguswe.