Julian Bond na Kiti Chake cha Georgia
Mwaka 1965 Julian Bond, kijana wa miaka 25, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, Marekani, akiwakilisha wakazi wa Atlanta. Januari 1966 wabunge walikataa kumwapisha, kwa kura 184 dhidi ya 12, kwa kuwa aliunga mkono tamko la kupinga vita vya Vietnam. Uchaguzi mdogo ukaitishwa. Aliyeshinda ni Bond yuleyule, na bado wakamkatalia. Desemba 1966 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwamba uhuru wake wa kusema ulikuwa umekiukwa. Alikaa barazani hadi 1975, kisha Seneti ya jimbo hadi 1987. Mwaka 1986 aliwania Bunge la taifa, akaangushwa katika kura za mchujo na swahiba wake wa harakati za haki za kiraia, John Lewis.