Chumvi Iliyogandisha Sharubati

Neno sharubati lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kunywa. Neno barafu lilitoka katika Kiajemi. Yote mawili yaliletwa pwani na bahari, yakakaa katika Kiswahili kama wenyeji. Lakini sharubati alikuwa na ndugu aliyeshika njia ya kaskazini: alipita kwa Waturuki, akaingia Italia akaitwa sorbetto, kisha Ufaransa akaitwa sorbet. Katika safari ile ndugu huyo alibadilika tabia. Huku pwani sharubati ilibaki kuwa kinywaji. Kule Italia, katika karne ya 17, iligeuka kuwa kitu cha kuliwa kwa kijiko, yaani maji ya matunda na sukari yaliyogandishwa na kulainishwa, kiburudisho cha siku za joto. Kilichoyageuza hayo maji hakikuwa theluji peke yake, wala hakikuwa amri ya mfalme. Kilikuwa chumvi.

Wapendao habari za wakuu husimulia kwamba Marco Polo aliileta siri hii kutoka China mwaka 1295, au kwamba Catherine de' Medici alikwenda nayo Ufaransa alipoolewa mwaka 1533. Hadithi hizo zilienea katika karne ya 19, na hapana waraka wa zama zao uzithibitishao. Ubaya wake hauishii katika uongo. Humpa sifa aliyekula, zikamnyima aliyepika. Na kwa kuwa hazisemi neno lo lote juu ya kazi yenyewe, humwacha msomaji akidhani kwamba mwenye theluji alikuwa tayari na kila kitu.

Sivyo ilivyokuwa. Wakuu wa Uajemi, wa Roma na wa Uturuki walikuwa na theluji tele, iliyofukiwa mashimoni na kufunikwa kwa majani makavu, na kwa karne nyingi waliitumia kupoza vinywaji tu. Theluji iyeyukayo hukaa katika nyuzi sifuri, na maji yenye sukari hayagandi mpaka baridi ishuke chini ya hapo. Chumvi ikinyunyizwa juu ya barafu, huilazimisha kuyeyuka hata ndani ya baridi iliyo chini ya sifuri. Barafu nayo haiwezi kuyeyuka bila kupokea joto. Basi huliteka joto hilo kutoka katika kila kilicho karibu, na cha kwanza ni chombo cha sharubati kilichozikwa kati yake. Kwa kipimo kilicho bora, yaani sehemu 23 za chumvi katika kila sehemu 100 za mchanganyiko, baridi yaweza kufika nyuzi 21 chini ya sifuri. Ni ajabu, lakini ni kweli: barafu hupata nguvu ya kugandisha kwa kuyeyuka kwake.

Walioandika mapema habari za namna hii walikuwa matabibu. Ibn Abi Usaybi'a wa Dameski, aliyefariki mwaka 1270, alitaja katika kitabu chake cha habari za matabibu njia ya kugandisha maji kwa shura, ile chumvi itumikayo katika baruti. Mwaka 1550 Blas Villafranca, tabibu Mhispania aliyekaa Roma, alichapa kijitabu juu ya kupoza divai kwa shura iliyotiwa majini. Mwaka 1589 Giambattista della Porta wa Naples alieleza jinsi ya kugandisha divai kwa kuizungusha chupa ndani ya theluji iliyochanganywa na shura. Hata hivyo shura ni ghali, na pamoja na theluji haina nguvu ifikayo ile ya chumvi ya jikoni. Jambo lilikuwa karibu, ila lilikuwa bado mikononi mwa watu wa vitabu.

Mtu wa jikoni aliyeliandika kwa vipimo ni Antonio Latini. Alizaliwa mwaka 1642, akawa yatima tangu utotoni, akalelewa na kazi za utumishi mpaka akafika cheo cha msimamizi wa meza ya mkuu mmoja Mhispania huko Naples. Kitabu chake, Lo scalco alla moderna, kilitoka katika juzuu mbili, mwaka 1692 na 1694. Humo asema kwamba mtu wa Naples ni kama aliyezaliwa na ujuzi wa kufanya sorbetto. Maneno ambayo, yakiwa ya kweli hata nusu, yaonyesha kwamba ujuzi huu ulikuwa umekwisha kuenea kwa watu wasiotajwa majina. Kwa vikombe 20 vya sharubati ya limau aagiza ratili 3 za sukari, malimau makubwa 3, ratili 13 za theluji na ratili 3½ za chumvi. Msomaji na apige hesabu. Chumvi ile, katika jumla yake na theluji, ni sehemu 21 kwa 100. Frederick Guthrie, mtaalamu Mwingereza aliyelibuni jina la kisayansi la michanganyiko ya aina hii, alilibuni mwaka 1884. Jikoni kipimo kilikuwa kimekwisha karibiwa miaka 190 kabla yake, bila kipimajoto, kwa kuonja na kujaribu.

Si kila jiko lilikuwa na bahati hiyo. Mary Eales, aliyechapa mapishi yake London mwaka 1718, aagiza ratili 1 tu ya chumvi kwa ratili 18 au 20 za barafu, na vyombo vikae saa nne mahali pasipo jua. Malai yake iliganda bila kukorogwa, na hapana shaka ilitoka ngumu. (Sukari ya Waingereza wakati huo ilitoka katika visiwa vilivyolimwa na watumwa, utamu huu ulikuwa na bei isiyoandikwa katika kitabu cha mapishi.)

Kukoroga ndiko kulikosumbua. Kitu kikiachwa kitulie, chembe za barafu hukua na kukwaruza ulimi. Kikisogezwa daima, hubaki ndogo na laini. Ilimpasa mpishi kufungua chombo mara kwa mara, kukwangua kingo, na kufunika tena. Tarehe 9 Septemba 1843 Nancy Johnson wa Philadelphia alipewa hataza nambari 3254 kwa chombo chenye mkono wa kuzungushia na mapanga ya kukwangua ndani, kisichohitaji kufunguliwa. Barafu ya maziwani ilikuwa imekwisha kuwa biashara kubwa Marekani. Frederic Tudor alikuwa ameipeleka Martinique mwaka 1806 na Calcutta mwaka 1833. Mashine ya Johnson iliiingiza nyumbani kazi iliyokuwa ya mafundi.

Mwenye maembe katika joto la kaskazi aweza kuifanya leo bila friji, akiwa na barafu ya kununua. Nyama ya embe hupondwa na kuchujwa, ikatiwa ndimu, na sukari mpaka utamu wote, pamoja na ule wa tunda, ufikie robo ya uzito. Ikipungua, sharubati huwa jiwe, ikizidi, haigandi. Mkebe hufunikwa na kuzikwa katika ndoo ya barafu iliyovunjwa, chumvi sehemu moja kwa barafu sehemu tatu, ukazungushwa na kukwanguliwa. Kabla ya kila kufungua, maji ya chumvi hupunguzwa mpaka yawe chini ya mfuniko, nao mfuniko hupanguswa kwa kitambaa, kwani maji yale yakiingia, embe zima huharibika.